Kila Kitu ni Kitu Gani?

Nyumbani kwetu Machame tulisali mara mbili kwa mlo mmoja. Kabla ya kula Baba alisema maneno machache tu, maana aliamini kwamba mwenye njaa hasikii. Sala yenyewe ilikuja baada ya kula, sahani zikiwa zimeondolewa, maji ya kunawa yameshazunguka na koroboi imesogezwa katikati ya meza. Hapo kila mmoja, kuanzia mtoto mdogo kabisa hadi Bibi, alitaja jambo moja la siku hiyo la kumshukuru Mungu. Maneno ya jumla hayakukubaliwa. Ukijiokoa kwa kusema, "Asante Mungu kwa kila kitu," Baba alifumbua macho akakuuliza kwa upole, "Kila kitu ni kitu gani, mwanangu?" Na wote walibaki wameinamisha vichwa wakikusubiri.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980, na waliokuwepo wanaijua. Sukari ilikuwa habari ya kunong'onezana. Mche wa sabuni ulikatwa vipande vyembamba kwa kisu. Penye duka la ushirika watu walipanga mawe tangu usiku, jiwe likushikie nafasi mpaka kuche. Unga wa mahindi ya njano ulifika hata kwetu kwenye migomba, na ugali wake ukaitwa ugali wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Sisi watoto hatukuupenda kabisa. Jioni moja zamu ilipomfikia kaka yangu mkubwa, akasema, "Namshukuru Mungu kwa kuwa unga wa njano umekwisha." Tukashika pumzi. Baba akaitikia "Amina," tena kwa sauti, kisha akamwita anayefuata.

Amina ile ilinifundisha mapema kwamba mbele za Mungu mtu hapeleki maneno mazuri, anapeleka yaliyomo. Mtoto aliyeruhusiwa kusema hivyo akiwa na miaka kumi na kitu hatakuwa na shida ya kusali atakapokuwa mtu mzima mwenye madeni.

Asili ya desturi yetu niliijua nilipoanza mafundisho ya kipaimara. Kila Jumamosi mwinjilisti alitukaririsha Katekisimu Ndogo, na tulipofika kwenye ombi la nne la Sala ya Bwana, lile la mkate wa kila siku, nikakutana na orodha. Martin Luther hakuridhika kutaja mkate peke yake. Aliweka humo chakula na kinywaji, nguo na viatu, nyumba na uwanja, shamba na mifugo, fedha, mwenzi mwema, watoto wema, watumishi wema, serikali njema, hali nzuri ya hewa, amani, afya, marafiki, na mwishoni majirani waaminifu. Viatu nilivisoma mara mbili. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba viatu vinaweza kuwa habari ya ombi la kanisani. Nikaona kwamba swali la Baba lilikuwa na jibu refu, nalo limechapishwa kitabuni.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1529. Luther alikuwa amezungukia sharika za Saksonia akakuta watu, hata baadhi ya wachungaji, hawajui misingi ya imani wanayoikiri. Alichofanya ni kuandika kitabu chepesi ambacho mkuu wa nyumba angeweza kukitumia kuwafundisha watu wake, na ndani yake akaweka sala ya kuamka, ya kulala, ya kabla ya kula na ya baada ya kula. Wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893 walikuwa watoto wa katekisimu hiyo. Na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipofukuzwa, walimu wenyeji ndio waliobaki kuzishika sharika. Napenda kufikiri kwamba kazi yao ilikuwa nyepesi kidogo kwa sababu jioni, ndani ya vihamba, kulikuwa na watu wanaosali bila kusubiri kengele.

Zamu ya Baba ilikuwa ya mwisho. Alianza na Mungu, akamalizia na Mama. Siku Mama alipopanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka porini, chini kabisa kwenye tambarare, Baba alisali hivi: "Bwana, asante kwa mgongo wa mama yao. Umebeba leo, umefika salama." Kisha, Amina ikishasemwa, alimgeukia mkewe, macho yakiwa wazi, akasema, "Mama, asante kwa chakula." Mama alijibu, "Asante kushukuru," akainuka kuendelea na kazi zake. Wanaume wa rika la Baba hawakuwa wepesi wa neno hilo, tena mbele ya watoto. Yeye alilisema kila jioni, chakula kikiwa ndizi za nyama au ugali na mnafu uliochemshwa kwa chumvi tu.

Jambo hili ndilo nililolishika kuliko yote aliyotufundisha. Nimeketi kwenye meza nyingi za Wakristo ambapo Mungu alishukuriwa kwa sauti kubwa, kwa maneno yenye mafuta ya kutosha, na mpishi yuko jikoni amesimama anasubiri vyombo. Sala ya namna hiyo imeruka mtu. Chakula kilitoka kwa Mungu kikapita mikononi mwa mtu mwenye jina, aliyepuliza moto, aliyeungua kidole, aliyejinyima kipande ili kitoshe. Shukrani inarudi kwa njia ileile ambayo chakula kilijia, na mtu huyo yuko njiani.

Mwaka 1989 kahawa ilianguka. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, uliokuwa ukizigawia nchi viwango vya kuuza ili kushikilia bei, ulisitishwa mwezi Julai, na bei ya dunia ikaporomoka. Sisi habari za mkataba hatukuzijua. Tulichokijua ni karatasi aliyorudi nayo Baba kutoka chama cha msingi. Nyuma ya karatasi ile kulikuwa na mwaka mzima wa kupogolea matawi, kupiga dawa ya chulebuni na ya kutu ya majani, kuchuma zilizoiva moja moja, kumenya, kuosha, kuanika na kuchagua mbovu kwa vidole mpaka macho yachoke. Usiku ule aliilaza mezani, karibu na koroboi, tuione sote. Akasali: "Bwana, asante kwa fedha hii. Haitutoshi, nawe unajua. Ada ya watoto haijatimia. Tuonyeshe pa kwenda." Wiki hiyohiyo akauza ndama.

Hakuipaka ile fedha rangi ili ionekane nyingi. Hakujilazimisha kuchangamka. Alishukuru kwa kilichokuwepo na akataja kisichokuwepo katika sala moja, akaondoka akaenda kufanya alichoweza. Siku hizi nasikia shukrani ikihubiriwa kama dawa ya kumfanya mtu ajisikie vizuri, atabasamu, alale usingizi. Huenda inafanya hivyo. Lakini Baba hakulala vizuri usiku ule. Tulimsikia akitembea uani. Alishukuru kwa sababu alikuwa amepokea kitu kutoka kwa Mtu, na anayepokea husema asante hata kama moyo wake ni mzito.

Alifariki miaka michache baadaye, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulimzika kihambani, mvua ikinyesha.

Jioni ya kwanza baada ya watu kutawanyika, Mama alileta taa mezani akaketi mahali pake, siyo mahali pa Baba. Kiti chake tulikiacha. Akasema tutashukuru kama kawaida. Bibi akamshukuru Mungu kwa vijana waliochimba kaburi kwenye tope bila kulalamika. Mdogo wetu akashukuru kwa sababu shangazi alilala naye kitanda kimoja siku zote za msiba. Ikafika zamu ya kaka. Akanyamaza kwa muda, halafu akasema, "Mama, mimi leo sina."

Nilidhani Mama angemkemea. Katika siku zile za matanga kila aliyeingia alitushika mikono akatuambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nasi tukaitikia, kwa kuwa mgeni haachwi na neno lake hewani. Mama hakulirudia neno hilo. Alimtazama kaka akasema, "Haya, baba. Kama huna, usikope." Akafungua Biblia akatafuta Zaburi ya 88, akaisoma taratibu kwa ile sauti yake ya kusomea. Asiyeijua aifungue. Zaburi nyingi za kilio huanza na machozi na kabla hazijaisha zimeshageukia sifa; hiyo haigeuki. Mwenye kusali analia usiku na mchana, anamuuliza Mungu kwa nini amemficha uso, na zaburi inakwisha akiwa bado gizani. Mama alipomaliza alifunga kitabu akasema, "Hii nayo imo kwenye Biblia. Mkalale."

Kaka aliendelea kusema "sina" jioni nyingi, na hakuna aliyemhesabia. Alikuja mezani, aliinamisha kichwa, zamu yake ikapita. Siku alipotaja jambo lilikuwa shoka. Jirani alikuwa ameazima shoka la Baba kabla ya msiba, akalirudisha likiwa limenolewa na mpini mpya umewekwa. Kaka akamshukuru Mungu kwa shoka, sauti ikamkatika, na Mama akaitikia Amina kama alivyoitikia za wengine wote, bila kuongeza neno.

Nimesoma baadaye habari za Martin Rinkart, mchungaji wa Eilenburg huko Saksonia wakati wa Vita vya Miaka Thelathini. Tauni ilipoupiga mji huo mwaka 1637 alizika watu zaidi ya 4,000, na mkewe mwenyewe akiwa miongoni mwa waliokufa mwaka huo. Mtu huyohuyo ndiye aliyeandika wimbo wa shukrani ambao Walutheri duniani kote huimba kwenye sherehe kubwa, wenye vinanda na tarumbeta. Lakini wimbo wenyewe ulianza kama sala fupi ya mezani. Kwangu jambo hilo lina uzito kuliko tarumbeta. Mtu wa makaburi mengi kiasi hicho alikuwa na meza nyumbani, na kwenye meza hiyo palisemwa asante.

Sasa naishi Dar es Salaam, na kanisani kwetu, kama sharika nyingi za mjini, kuna kipindi cha shukrani ya pekee. Mzee wa kanisa anatangaza, familia inasimama, ndugu na marafiki wanaisindikiza mbele kwa wimbo wa kwaya, sadaka inatolewa, mchungaji anaombea. Wanashukuru kwa mtoto aliyehitimu chuo, kwa nyumba iliyokwisha, kwa gari, kwa upasuaji uliokwenda salama. Naipenda ibada hiyo na nimeisindikiza mara nyingi kwa moyo wote. Ila nina wasiwasi nayo mmoja. Mtoto anayekua akiona shukrani ikitolewa hapo tu atadhani Mungu hushukuriwa kwa mambo yenye cheti au ufunguo. Na katika kila usharika yupo mama ambaye hajasimama mbele hata mara moja. Anayo ya kushukuru, tena mengi. Asichokuwa nacho ni la kutangaza. Watoto wake wamekula, wamelala, wamekwenda shule wakarudi. Luther aliyaweka hayo kwenye mkate wa kila siku, sisi tumeyaacha nje ya tangazo. Wazee wetu Kilimanjaro walikuwa na namna yao: waliwaita watoto Haika au Aikaruwa, majina ya kumshukuru Mungu, na shukrani ikawa inaitwa uani kila siku, mtoto akitumwa maji au akigombezwa.

Kwa hiyo nyumbani kwetu Kimara tunaifanya kazi hiyo wenyewe. Asubuhi haiwezekani: watoto wanafuatwa na basi la shule kabla hakujapambazuka, na mume wangu anawahi kutoka ili foleni ya Barabara ya Morogoro isimkute. Tunasali usiku baada ya kula. Kuna siku umeme umekatika, kuna siku wakubwa tumechoka kiasi cha kusinzia katikati ya Baba Yetu. Sala huwa fupi siku hizo. Sioni ubaya wake. Mwanangu mdogo alishukuru juzijuzi kwa kuwa bajaji waliyopanda na baba yake iliingia kwenye dimbwi ikatoka bila kuzimika, akaeleza na sauti ya injini, na hatukumharakisha.

Dada anayetusaidia kazi ametoka Iringa na ni Mkatoliki. Alipofika alikula nasi, lakini wakati wa sala alikusanya vyombo akaingia jikoni. Nilipomwita alisema, "Mama, msihangaike, mimi nitasali peke yangu." Nikamwambia kwamba hapa tunasali tuliokula pamoja. Mume wangu akaenda jikoni akakileta kiti chake mwenyewe, hakumtuma mtoto. Tangu hapo anasali nasi. Anaanza na ishara ya msalaba, na watoto wangu wa Kilutheri wamejifunza kumsubiri amalize kabla hawajafumba macho. Kwa muda mrefu alishukuru kwa afya tu, na mimi sikumuuliza swali la Baba, kwa kuwa swali lile ni la mzazi kwa mtoto wake. Kisha usiku mmoja akasema, "Namshukuru Mungu kwa sababu mama amenilipa tarehe yangu, na baba yangu nyumbani amenunua mbolea mvua ikiwa bado."

Nimelifikiria sana neno hilo. Waraka wa Yakobo, katika sura ya tano, unasema kwamba mshahara uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Basi katika nyumba inaweza kutokea sala mbili kwa wakati mmoja: mwenye nyumba anashukuru sebuleni, na mshahara wa msichana wake unalia jikoni. Sina shaka ni ipi inayotangulia kusikilizwa. Najua hali ni ngumu, najua mishahara yetu wenyewe huchelewa, na najua waajiri wema waliokaa na wasaidizi wao wakawaeleza ukweli na kukubaliana siku nyingine. Siwasemi hao. Nawasema wanaoijaza bahasha ya shukrani kwa fedha ya mtu mwingine. Kwetu tumepanga hivi: mshahara wa dada unatoka kwanza, sadaka inaandikwa baadaye. Baba hakuwa na msaidizi wa ndani, lakini waliokuja kutusaidia kuchuma kahawa aliwalipa jioni ileile, kabla ya chakula, akawakaribisha mezani.

Watoto wetu hawatakumbuka mahubiri mengi tuliyowapeleka kuyasikiliza. Mimi mwenyewe, niliyekulia kanisani, nakumbuka machache sana. Ninayoyakumbuka ni mgongo wa Mama ukitajwa katika sala, karatasi ya kahawa, Zaburi iliyosomwa hadi mwisho wake mchungu, shoka. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji fedha, wala mtu mwenye elimu ya dini. Mama alisoma miaka minne tu ya shule.

Ndugu yangu msomaji, kama kwako desturi hii haipo, usisubiri semina ya familia wala Mwaka Mpya. Anzeni leo baada ya chakula, televisheni izimwe kwa dakika hizo chache, na aanze aliye mdogo kuliko wote. Taja jambo lako kwa jina lake, umtaje na mtu aliyekuletea, akiwa papo hapo anakusikia. Na kama kuna anayepika au kufua chini ya paa lako, awepo mezani, na kiti chake kiwekwe kabla hajaitwa.